Mstari Usioandikwa

Mwishoni mwa kila orodha ya kichujio kwenye ruta ya Cisco kuna mstari ambao hakuna fundi anayeuandika. Hauonekani ukiifungua orodha, lakini upo, na unasema: chochote ambacho hakijatajwa hapo juu, kitupwe. Andika mstari mmoja tu wa kuruhusu kompyuta ya mhasibu ifike kwenye seva ya benki, ubandike kwenye kiolesura, na papo hapo jengo zima litakatika isipokuwa kompyuta ya mhasibu. Ruta za MikroTik kutoka Latvia, ambazo kwa unafuu wa bei zimeenea katika shule, hoteli na ofisi zetu nyingi, zina tabia ya kinyume: kisichotajwa hupita. Nimekutana na mafundi wazuri waliohama kutoka aina moja kwenda nyingine wakaacha mlango wazi kwa miezi, wakiamini kwamba ule mstari wa mwisho unawalinda hata huku. Hawakuwa wazembe. Waliuzoea mpaka wakasahau kwamba ni uamuzi wa mtengenezaji wa kifaa, wala si sheria ya mtandao.

Nimefanya kazi ya mitandao Tanzania tangu enzi za madishi ya setilaiti ya VSAT uani, na nikiulizwa nimejifunza nini kuhusu kulinda njia za data, huwa narudi palepale. Kukataza ni rahisi. Ruta yaweza kukataza bila hata kuambiwa. Kigumu ni kujua nini kinastahili kupita, na hilo halimo ndani ya ruta. Limo kwa watu wa uhasibu, wa maabara, wa masijala, na kwa mlinzi wa geti ambaye kamera yake inarekodi usiku kucha.

Aliyenitia kwenye kazi hii alikuwa mzee aliyeanza na simu za kukoroga. Sisi vijana tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa na kanuni moja ya kuudhi: mgeni haruhusiwi kuandika amri yoyote ya kubadilisha kitu mpaka aweze kumweleza, bila kusoma popote, nani katika ofisi hii anawasiliana na nani, saa ngapi, na kwa shughuli gani. Nilizunguka na daftari chumba kwa chumba. “Shikamoo mama, samahani, hiyo programu yako inaunganishwa na wapi?” Wengi walinijibu kwamba hawajui, wao wanabonyeza tu. Basi nilikaa pembeni wakibonyeza, nimeifungua ruta, natazama vihesabu vikipanda. Niliona ni kupotezeana muda. Rafiki zangu waliosoma nami walikuwa tayari wanajisifu kwa orodha ndefu walizoandika, nami bado nauliza maswali ya masijala.

Laini za wakati ule zilitosha kumfundisha mtu adabu. Setilaiti za namna ile zipo juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Swali lipande lishuke, jibu lipande lishuke, nusu sekunde imekwisha kabla hata seva ya Ulaya haijaanza kazi. Na kasi yenyewe, ofisi nzima iligawana kiasi ambacho leo mwanafunzi mmoja angekilalamikia kwenye simu yake. Hatukuhitaji wahalifu ili tujifunze udhibiti. Mtu mmoja akipakua nyimbo, malipo yalikwama.

Kisha ikaja Januari 2003. Tarehe 25, siku ya Jumamosi, mnyoo uliopewa jina la Slammer ulisambaa duniani kupitia seva za hifadhidata za Microsoft. Ulikuwa mdogo ajabu: baiti 376 tu, pakiti moja ya UDP kwenda poti 1434, bila kubisha hodi na kusubiri kuitikiwa kama TCP inavyofanya. Kwa dakika kumi hivi ulikuwa umezifikia karibu seva zote zenye udhaifu huo, nazo zilikadiriwa kuwa 75,000 au zaidi. Marekebisho ya kuziba udhaifu wenyewe yalikuwa yametolewa tangu Julai 2002. Jumatatu tulipofungua ofisi, taa ya kutuma kwenye modemu ilikuwa haipepesi. Imewaka moja kwa moja. Ya kupokea imetulia. Mwalimu akazitazama zote mbili.

“Huyu hatushambulii,” akasema. “Huyu ni sisi.”

Na kweli, seva moja ya ghala ilikuwa inapiga kelele kwa dunia nzima. Mwalimu aliweka kichujio pale pakiti zinapoingilia kwenye ruta kutoka ndani, si kwenye mdomo wa dishi, ili uchafu usifike kwenye laini inayolipiwa kwa dola wala usivuke kwenda matawi mengine. Ndipo akaenda kuichomoa seva waya wake. Mpangilio huo wa hatua sikuuelewa siku ile. Kuchomoa waya kunatibu seva moja, lakini kichujio kinajibu pia swali la seva ya pili ambayo hujaigundua.

Sehemu ya pili ya kisa hicho haisimuliwi sana, nami ndiyo ninayoipenda. Wiki zilizofuata yalianza malalamiko ya ajabu: tovuti inagoma kufunguka, ukijaribu tena inafunguka. Hakuna mpangilio. Kompyuta inapouliza DNS anwani ya tovuti huchagua poti yake ya muda ya kupokelea jibu, na Windows za miaka ile zilizichagua kuanzia 1025 kwenda juu. Mara mojamoja zamu iliangukia 1434. Swali lilitoka salama, jibu likarudi likielekezwa poti 1434, na kichujio ambacho mtoa huduma alikuwa amekiweka huko juu kikalitupa. Kichujio cha aina ile husoma namba zilizo mbele yake tu. Hakijui kwamba pakiti hii ni jibu la swali lililotoka ndani sekunde moja iliyopita. Faiawali zinazokumbuka mazungumzo zilikuwepo tayari, lakini zilikuwa ghali, na nyingi zililemewa haraka, kwa sababu kukumbuka kunakula memori ya kifaa. Hadi leo, fundi asiyejua kama kifaa kilicho mbele yake kinakumbuka au hakikumbuki atahangaika na hitilafu za aina hii mpaka anywee.

Baadaye nikawa naitwa kwenye taasisi ambazo fundi wake ameondoka na ufahamu wake. Moja ilikuwa na ofisi katika mikoa kadhaa na ruta kuu yenye orodha ya zaidi ya mistari mia mbili. Hakuna maelezo hata neno moja, ni anwani na namba tu. Ruta huisoma orodha kutoka juu kwenda chini na husimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana na pakiti. Yaliyo chini haiyaangalii tena. Pale karibu na mstari wa arobaini nikaukuta umekaa kwa utulivu: ruhusu kila kitu, kutoka popote, kwenda popote. Nadhani kuna siku kitu kiligoma, bosi akasimama mlangoni, mtu akauweka “kwa muda”. Mistari yote iliyofuata ilikuwa pambo. Wakaguzi walikuwa wameipitia orodha hiyo na kuisifu kwa urefu wake.

Kuuondoa mstari ule ilikuwa kazi ya sekunde mbili, na ndiyo sababu sikuuondoa. Taasisi ilikuwa imeishi juu yake kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka. Niliuagiza uandike kwenye logi kila unachokipitisha, kisha tukaanza kuulizana ofisi kwa ofisi, zoezi lilelile la daftari. Tuligundua seva zilizokufa ambazo bado zina ruhusa, na huduma hai ambazo hazijawahi kuombewa ruhusa. Printa ya ghorofa ya pili ilikuwa inaongea na anwani ya nje kila saa. Kumbe inaripoti kiasi cha wino kwa mwenye kampuni ya kuikodisha. Hakuna aliyeliidhinisha, na hakuna aliyeliona kuwa baya, ila wote walishtuka.

Tulipofika kwenye kufuta mistari iliyokufa, vijana niliokuwa nao walitaka kutumia vihesabu: mstari ambao haujagongwa na pakiti hata moja kwa miezi mitano ufutwe. Ni hoja nzuri, nami nilikuwa upande wao. Aliyetuzuia ni mhasibu mkuu, dada mmoja asiyecheka ovyo.

“Wadogo zangu, msifute kitu mpaka Julai iingie.”

“Kwa nini, dada?”

“Juni thelathini tunafunga vitabu. Kuna mambo yanafanyika siku hizo tu.”

Mstari mmoja uliokaa kwenye sifuri tangu Januari ulipanda ghafla siku za mwisho za Juni: mfumo wa kufunga mwaka wa fedha, unaofika kwenye seva ya makao makuu mara moja kwa mwaka. Tungeufuta Mei, tungeitwa usiku wa manane na watu wenye hasira za haki. Tangu siku hiyo huwa nauliza kalenda ya taasisi kabla ya kuuliza mchoro wa mtandao. Shule ina majira ya mitihani, hospitali ina mwisho wa mwezi wa madai ya bima, ushirika wa kahawa una msimu. Vihesabu husema ukweli wa kipindi vilichopimiwa tu, na vijana wa kompyuta tuna tabia ya kudhani kwamba mwezi mmoja ni muda mrefu.

Agizo lililonitoa jasho kuliko virusi vyote ni hili: “Fungeni ICMP.” Mkaguzi wa usalama alikuwa amesoma mahali kwamba wahalifu hutumia pingi, aina mojawapo ya vijumbe vya ICMP, kutafuta vifaa vilivyo hai, ambalo ni kweli, akaandika kwenye ripoti kwamba ICMP yote izuiwe, menejimenti ikasaini. Siku iliyofuata pingi ziliacha kujibu kama ilivyotakiwa. Barua pepe fupi zilikwenda, zenye viambatanisho zikakwama. Tovuti zilianza kufunguka, kichwa cha ukurasa kikaonekana, halafu kimya. Matawi yaliyounganishwa kwa taneli ndiyo yaliyoumia. Makao makuu hawakuona kitu, kwa hiyo matawi wakaambiwa kompyuta zao ni mbovu.

Ethaneti ya kawaida hubeba baiti 1,500 kwa pakiti. Taneli ya GRE huongeza vichwa vya baiti 24, hivyo zinazobaki kwa mzigo ni 1,476. Ruta ikipokea pakiti ya 1,500 yenye alama ya “usinikate vipande”, huitupa, kisha hutuma kijumbe cha ICMP kwa mtumaji: imezidi, punguza hadi kiasi hiki. Utaratibu huo uliandikwa 1990, katika RFC 1191, na intaneti imeutegemea tangu hapo. Nilimweleza mkaguzi hivi: ni sawa na mizani ya Vigwaza kulizuia lori lililozidisha uzito, halafu itoke sheria kwamba watu wa mizani wasimpigie simu mwenye mzigo. Yeye yuko Kariakoo anapakia lori la pili, uzito uleule, na la tatu. Alielewa, na kwa heshima yake niseme kwamba aliifuta ripoti yake mwenyewe kwa maandishi, jambo ambalo wakaguzi wachache hulifanya. Tuliruhusu aina za ICMP zinazohitajika, tukaziwekea kikomo cha idadi kwa sekunde, mambo yakatulia. Kwenye IPv6 agizo kama lile lingeua mtandao wote na si matawi tu: ruta za njiani hazikati pakiti kabisa, na hata vifaa viwili vilivyo kwenye swichi moja hutafutana kwa ICMPv6.

Watu wengi wanaposikia ulinzi wa mtandao hufikiria kinachoingia. Mimi nimekuja kuamini kwamba adabu ya mtandao hupimwa kwa unachotoa. Ruta, kwa asili yake, hutazama pakiti inakwenda wapi. Haimuulizi aliyeituma kama kweli ni yeye. Kwa hiyo kompyuta iliyoko Mwanza inaweza kuandika kwenye pakiti anwani ya chanzo iliyo Chicago, na ruta ikaisafirisha bila neno. Wahalifu huutumia upofu huo kwa namna hii: wanatuma swali dogo kwa seva za watu, wameghushi anwani ya wanayetaka kumwangusha, na majibu makubwa yanamwangukia yeye. Februari 28, 2018, GitHub ilipigwa kwa njia hiyo, terabiti 1.35 kwa sekunde, zikitoka kwenye seva za memcached zilizoachwa wazi na watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote na GitHub.

Dawa inajulikana tangu zamani. Mei 2000, Paul Ferguson na Daniel Senie walichapisha RFC 2827, ambayo mafundi huiita BCP 38, na maudhui yake yanaweza kusemwa kwa pumzi moja: pakiti isiyo na anwani za kwenu isitoke kwenu. Mtandao wenye mlango mmoja unalitekeleza kwa mistari michache. Ruta pia inaweza kujikagua yenyewe: je, kama ningetaka kumjibu mwenye anwani hii ya chanzo, ningempitishia kiolesura hikihiki ilikoingilia? Kama sivyo, iitupe. Tatizo liko kwa mwenye watoa huduma wawili, maana kwake pakiti halali inaweza kuingilia huku na jibu likatokea kule, na ukali wa namna hiyo utamuumiza yeye kwanza. Lakini si hilo linalochelewesha. Kinachochelewesha ni kwamba anayefanya kazi ya kuweka kichujio hiki hapati faida yoyote. Anayefaidika ni mtu wa mbali asiyemjua. Nimewahi kumweleza mkurugenzi mmoja jambo hili, akaniuliza, kwa upole kabisa, “Sasa sisi tunapata nini?” Nilimjibu kwamba tunapata kutopigiwa simu. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Simu za namna hiyo zipo. Taasisi moja nyingine ilipokea malalamiko kutoka nje kwamba anwani yao inashambulia watu. Tukafuatilia hadi kwenye kijisanduku cha kurekodia kamera, juu ya kabati la mlinzi. Aliyefunga kamera alikuwa amefungua poti kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye kisanduku ili mwenye ofisi atazame geti akiwa nyumbani, na neno la siri likabaki lile la kiwandani. Hii ilikuwa muda si mrefu baada ya Mirai, programu ya kihalifu ya 2016, iliyojisambaza kwa kujaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo sitini tu, ikakusanya kamera na ruta za majumbani, na tarehe 21 Oktoba ikaiangusha kampuni ya DNS iitwayo Dyn, na pamoja nayo Twitter na Netflix kwa watu wengi wa Marekani. Fundi wa kamera nilimpigia.

“Kaka, mimi nilifungua kidogo tu,” akasema.

Sikugombana naye. Hakuna aliyemwambia kwamba jengo lile lina mtu wa mtandao. Tulichofanya ni kuzitenga kamera kwenye subneti yao, ruhusa yao ikawa moja: kuongea na kisanduku chao. Kisanduku hakitoki nje. Mwenye ofisi anatazama geti lake kupitia VPN, na amelalamika kwamba inachukua sekunde tano zaidi, ambazo ni kweli inazichukua.

Ruta zenyewe nazo ni kompyuta, jambo linalosahaulika. Mwaka 2018 ilibainika kwamba huduma ya Winbox ya MikroTik, kwenye poti 8291, ilimwezesha mtu wa nje kusoma maneno ya siri yaliyomo. Marekebisho yalitoka Aprili, lakini miezi mingi baadaye ruta kwa malaki duniani zilikuwa bado hazijasasishwa, na wahalifu wakazitumia kupandikiza programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kurasa za watu. Kwenye mitandao niliyoiona salama wakati ule, wengi hawakuwa wamesasisha mapema kuliko wengine. Walikuwa tu na mistari miwili mitatu inayosema kwamba kuongea na ruta yenyewe, tofauti na kupita ndani yake, kunaruhusiwa kwa kompyuta za mafundi peke yake.

Kuhusu kubadilisha orodha ya ruta iliyo mbali, sina la kusema zaidi ya hili: kabla ya kugusa kitu Sumbawanga ukiwa Dar es Salaam, iagize ruta ijiwashe upya baada ya dakika kumi bila kuhifadhi ulichobadilisha. Ukijifungia nje, itajirudisha yenyewe. Ukifanikiwa, unafuta agizo. MikroTik wana hali yao ya usalama inayofanya kitu kinachokaribiana na hicho. Basi la Sumbawanga ni safari ndefu.

Vichujio vyote hivyo vinachukulia kwamba njia yenyewe ni ya kweli, na hapo ndipo usingizi wangu ulipopungua. Ruta hujifunza njia kwa kuambiwa na ruta nyingine. Ndani ya taasisi tunatumia OSPF, na nimeona kijana wa mafunzo akichomeka ruta ya mazoezi kwenye tundu la ukutani, nayo ikatangaza kwa nia njema kwamba intaneti yote iko kwake. Ruta za jengo zikamwamini. Tuliponyamazisha OSPF kwenye violesura vyote visivyo na ruta jirani na kuweka uthibitisho kwa vilivyobaki, mchezo ukaisha.

Kati ya watoa huduma na watoa huduma, kazi hiyo hufanywa na BGP, iliyochorwa mwaka 1989, enzi ambazo wahusika walijuana kwa majina. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake. YouTube ilikuwa inatangaza anwani zake kama fungu la 208.65.152.0/22, wao wakatangaza fungu dogo zaidi ndani yake, 208.65.153.0/24, likiishia kwenye shimo. Tangazo likavuja hadi kwa mtoa huduma wao wa Hong Kong, PCCW, naye akalipitisha kwa dunia. Ruta hupendelea njia iliyo mahususi zaidi, kwa hiyo kwa muda wa saa mbili hivi watu wa mabara mengine wakiitafuta YouTube walipelekwa Pakistan. Hakuna aliyevunja neno la siri la mtu. Katazo la ndani lilitoka nje kwa sababu hakuna kichujio kilichouliza kama Pakistan Telecom wanamiliki anwani hizo.

Leo mwenye anwani anaweza kusajili kwa AFRINIC, kwa cheti cha kidijitali, ni mtandao upi unaoruhusiwa kuzitangaza, na ruta za wengine zikakagua. Huduma ni bure kwa wanachama na fomu si ndefu. Nimekaa kwenye mafunzo na mafundi wa nchi jirani wenye anwani zao tangu miaka mingi, hawajasajili, na sababu wanayotoa ni kwamba hakuna aliyewaibia bado. Njia nyingine ya kujilinda ilikuwa kuzifupisha njia zenyewe. Kabla ya vituo vya kubadilishana data, barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Dar es Salaam kwenda mtaa wa pili ilipita bara jingine kwa setilaiti. Kenya walianzisha KIXP mwishoni mwa 2000, mdhibiti akaifunga muda mfupi baadaye, ikafunguliwa tena 2002. Dar es Salaam ikapata TIX mwaka 2004. Wengi waliviona kuwa vituo vya kupunguza gharama. Kwangu, pakiti isiyoondoka mjini ina watu wachache wa kuidanganya.

Kisha kuna njia ya akiba, ambayo kila taasisi huinunua na karibu hakuna anayeitazama. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini mwetu, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Taasisi moja ninayoihudumia ilikuwa na mtoa huduma wa pili, na ruta ya pili ikashika kazi yenyewe, kama ilivyopangwa. Intaneti ikapatikana, polepole. Mfumo wa malipo haukupatikana. Orodha ya ruta ya akiba ilikuwa ni ile ya mwaka uliopita, kabla mfumo haujahamia anwani mpya, na ule mstari usioandikwa ulikuwa unaitupa kila pakiti yake. Mistari ya kulinda ruta yenyewe haikuwepo kabisa; kwa miezi yote hiyo mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kujaribu maneno ya siri, na logi ilionyesha kwamba wengi walijaribu.

Sasa orodha zote mbili zinatoka kwenye faili moja, kila mstari una jina la idara iliyouomba na tarehe ya kuuliza tena, na kila robo mwaka tunaizima laini kuu kwa makusudi, Jumamosi asubuhi, tuone kinachokatika. Mara ya kwanza vilikatika vitu ambavyo sivitaji hapa. Safari hizi za karibuni ni vichache. Zoezi lijalo limeangukia Jumamosi ya mwisho ya Juni, na barua ya mhasibu wa taasisi hiyo ya kutuzuia ilifika mezani kwangu kabla sijamaliza kuandika ratiba.